Waliokaa Bondeni Walikwenda Wapi?



Kwa miaka mingi tulifundisha jiografia, na katika miaka hiyo tuliuchora Mfereji wa Panama ubaoni mara nyingi hata mkono ukaijua njia wenyewe pasipo kutazama kitabu. Tulianza na ukanda mwembamba wa nchi unaoziunganisha Amerika mbili, tukaweka Bahari ya Atlantiki upande huu na ya Pasifiki upande ule, kisha tukachora ngazi: vyumba vitatu vya maji vyenye malango makubwa vya kuipandisha meli, ziwa katikati, na vyumba vitatu vingine vya kuiteremsha. Wanafunzi waliipenda mno ngazi ile. Meli kupanda ngazi! Chini yake tuliandika faida. Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914. Urefu wake ni kilomita kama 80. Meli itokayo New York kwenda San Francisco hupunguziwa safari ya karibu maili 8,000, kwa kuwa haina haja tena ya kuizunguka ncha ya Amerika ya Kusini. Faida ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakanakili, kengele ikalia.

Siku moja msichana wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema, alinyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Hilo ziwa lilikuwapo tangu zamani, au lilitengenezwa?"

Tukamjibu kwamba lilitengenezwa kwa kuuzuia mto Chagres kwa boma kubwa mahali paitwapo Gatun. Akafikiri kidogo.

"Na waliokaa bondeni walikwenda wapi, Mwalimu?"

"Walihamishwa," tukasema. Tukamwambia aketi, tukafuta ubao.

Hilo halikuwa jibu, nasi tulijua siku ile ile kwamba si jibu. Kitabu chetu kilikuwa kimya juu ya jambo hilo, na mwalimu aliyeishiwa hufuta ubao. Tangu tustaafu tumepata nafasi ya kusoma, na swali la yule msichana limetufuata hata tumeona tuliandike hapa, kwa maana ndani yake mna swali lingine kubwa kuliko la jiografia. Je, jema linalopatikana baadaye laweza kulifuta baya lililolizaa?

Kwanza tuseme kilichotokea. Ziwa la Gatun lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 425, na uso wake u mita kama 26 juu ya bahari. Lilipojaa lilikuwa ziwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa na mikono ya watu. Bonde lile halikuwa pori tupu. Palikuwa na miji na vijiji kandokando ya mto na ya reli: Gorgona, Matachín, Emperador, Gatún ya kale, na mashamba ya ndizi yaliyopeleka mazao yake mbali. Mwaka 1912 Rais Taft wa Marekani alitoa amri kwamba ukanda wote wa mfereji uondolewe watu. Mwanahistoria wa Panama, Marixa Lasso, katika kitabu chake cha mwaka 2019, anakadiria kuwa waliohamishwa walikuwa watu wapatao 40,000. Naye aeleza jambo lililotushangaza kuliko hesabu yenyewe: si miji yote iliyozama. Mingine ilikuwa mahali pa juu, maji yasingeifikia. Watu waliondolewa kwa sababu watawala walitaka ukanda usio na wenyeji. Lakini baada ya miaka mingi hata watu wa Panama wenyewe walizoea kusema, "Miji ile iko chini ya ziwa." Maji yalibebeshwa tendo la wanadamu.

Nao waliouchimba mfereji tusiwasahau. Wafaransa walianza kazi hiyo katika miaka ya 1880 wakashindwa, na makadirio ni kwamba watu wapatao 20,000 walikufa, wengi wao kwa homa ya manjano na malaria. Wakati wa Wamarekani, tangu 1904 hadi 1914, vifo vilivyoandikwa ni 5,609. Wengi wa waliokufa katika kipindi hicho walikuwa watu weusi kutoka Barbados na visiwa jirani, waliolipwa kwa fedha ilhali Wamarekani weupe walilipwa kwa dhahabu. Wengi wao walikuwa Waanglikana kama sisi. Katika mji wa Colón lipo hata leo kanisa letu la mawe, lililo pembeni mwa bahari tangu miaka ya 1860, zama za reli, kabla mfereji haujaanza kuchimbwa.

Sasa tuje kwenye jema, maana lipo, nalo ni kubwa.

Palikuwa na kilima katika bonde la Chagres. Maji yalipopanda, kati ya mwaka 1910 na 1914, mabonde yaliyokizunguka yakajaa, na kilima kikawa kisiwa. Huitwa Barro Colorado, maana yake kwa Kihispania ni udongo mwekundu, na ukubwa wake ni hekta kama 1,500. Mwaka 1923 kilitengwa kiwe hifadhi kwa ajili ya utafiti, na tangu mwaka 1946 kimekuwa chini ya Taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Ni mojawapo ya misitu ya nchi za joto iliyochunguzwa zaidi duniani. Katika sehemu moja ya hekta 50, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, kila mti wenye unene wa kuanzia sentimita moja umepimwa, ukapewa namba, ukaandikwa ramani; na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka mitano hivi. Ni miti zaidi ya 200,000, ya aina kama 300. Popo peke yao ni aina zaidi ya 70. Mengi ambayo wataalamu wanayajua leo juu ya jinsi msitu unavyoishi, jinsi mche unavyokufa ukiota karibu mno na mama yake, yalipatikana au kuthibitishwa pale. Yasingalijulikana pale kama kilima kingebaki kilima, kikakatwa magogo kama vilima vingine.

Msomaji wa gazeti hili ataikumbuka safina mara moja, nasi tuliikumbuka. Lakini waliokuwa katika safina ya Nuhu walitoka. Hawa hawakutoka.

Yuko ndege mmoja wa msitu ule ambaye tumemfikiria sana. Kazi yake ni kuwafuata siafu. Siafu wanapopita chini ya miti, panzi na mende na buibui hukurupuka kukimbia, naye huwadaka. Hawali siafu, hula wakimbizi. Mtaalamu Edwin Willis aliwachunguza ndege hao kisiwani kuanzia miaka ya 1960, akiwavisha pete miguuni ili amjue kila mmoja. Mwaka baada ya mwaka akawaona wanapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wale wakubwa wenye madoa walikuwa wametoweka. Mwaka 1974 alitoa makala iliyoorodhesha aina nyingi za ndege zilizokwisha kutoweka kisiwani tangu maji yapande. Hakuna aliyewapiga manati. Hakuna aliyekata mti. Msitu ulikuwa unalindwa kuliko msitu wowote jirani. Siafu walikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi, na jirani wa kuoa kwake wakati wa mwaka mbaya.

Mtu atauliza, kwa nini wasiruke? Ng'ambo inaonekana kwa macho. Watafiti waliuliza hivyo hivyo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Waliwakamata ndege wa msituni wa aina mbalimbali, wakawachukua kwa mashua ziwani, wakawaachia mita 100 na zaidi kutoka nchi kavu. Wengine walifika bila shida. Wengine, ndege wazima wenye mbawa nzima, walianguka majini, wakaopolewa na watafiti wale wale. Ndege aliyezaliwa kivulini, ambaye wazee wake hawakupata kuvuka uwazi mpana kuliko kijito, hana safari ya mita mia katika mbawa zake. Kwa meli ziwa lile ni njia. Kwake ni ukuta.

Hapa ndipo tulipokwama katika fikira zetu. Shuleni tuliwafundisha watoto kupambanua kosa la kukusudia na kosa la kutokusudia. Mhandisi aliyefunga malango ya Gatun mwaka 1913 hakumjua ndege huyo, wala hakumtakia mabaya. Madhara yalikuja miaka hamsini baadaye, kimyakimya, wakati mhandisi mwenyewe yu kaburini. Je, tumwite mkosaji? Hatuwezi. Je, tuseme basi hapana kosa? Hilo nalo halikai vizuri moyoni. Twadhani yako madhara yasiyo na mkosaji lakini yenye mdaiwa, na mdaiwa ni yule anayeendelea kuifurahia faida. Meli zapita hadi leo.

Ziwani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1964 waliletwa nguva wachache, ndugu za nguva wa kwetu wa Mafia na Rufiji, ili wale magugu ya majini. Uzao wao ungaliko. Hao hawakudhuru mtu. Lakini katika miaka ya 1960 aliingia pia samaki mlaji kutoka Amerika ya Kusini, wa ukoo mmoja na sato wetu, aliyetoroka katika bwawa la kufugia akafika mto Chagres na kisha ziwani. Mwaka 1973 wataalamu Zaret na Paine waliandika kwamba mahali alipoenea, katika aina nane za samaki wenyeji waliokuwa wengi, sita walikuwa wametoweka kabisa na wa saba amebaki kidogo. Wavuvi walifurahi, maana samaki huyo ni mkubwa na mtamu, naye analeta wageni wa kuvua kwa ndoana. Wasomaji wetu wa Mwanza na Musoma hawahitaji kuelezwa zaidi. Wamekula sangara, na wazee wao walikula furu.

Watetezi wa mfereji wana hoja moja yenye nguvu kuliko zote, nayo yatupasa kuisema kwa haki. Kila meli ipitayo hushushwa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na maji hayo huishia baharini: karibu lita milioni 200 kwa safari moja katika malango ya zamani. Malango mapya, yaliyofunguliwa mwezi Juni 2016, yana mabwawa ya pembeni yanayorudisha asilimia 60 ya maji ya kila safari, lakini na meli zake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mfereji hauwezi kuishi bila mvua, wala mvua haikai ardhini bila msitu. Ndiyo maana vilima vya Chagres vikawekwa kuwa hifadhi za taifa, Soberanía na Chagres, katika miaka ya 1980. Pasipo mfereji, yaelekea vilima hivyo vingekuwa malisho ya ng'ombe kama sehemu nyingi za nchi ile. Mfereji uliozamisha msitu ndio huo huo unaoulinda msitu. Nasi twakubali, ni kweli tupu.

Lakini tuchukue mfano wa nyumbani. Jirani amelitwaa shamba la mwenzake kwa nguvu, akapanda mwembe. Mwembe umestawi, watoto wa kijiji kizima wanakula, na mwenye shamba naye anapewa zake. Embe ni tamu, na mjinga tu ndiye atakayeukata mwembe kwa hasira. Walakini mwenye shamba akija kuuliza habari ya shamba lake, asijibiwe kwa embe. Hayo ni maneno mawili mbalimbali. Tunapoambiwa, "Tazameni elimu iliyopatikana Barro Colorado, tazameni misitu inavyolindwa," tunaambiwa habari ya embe. Tunashukuru, tunakula. Shamba bado halijazungumzwa.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wanaoulaani mfereji wote, kana kwamba wao hawajapata kuvaa nguo au kula ngano iliyopita kwenye meli. Hao hatuna la kujadiliana nao.

Ingekuwa habari ya kale tu tungeweza kuishia hapo, maana waliokaa bonde la Chagres wamekwisha kufa, na ndege hawalipwi fidia. Ila jambo lenyewe limerudi. Mwaka 2023 mvua zilikuwa haba kwa sababu ya El Niño, Ziwa la Gatun likashuka, na Mamlaka ya Mfereji ikalazimika kupunguza meli, kutoka 36 au zaidi kwa siku hadi chini ya 25 mwishoni mwa mwaka. Meli zilipanga foleni baharini. Na ziwa hilo si la meli peke yake. Pamoja na ziwa dogo la Alajuela lililo juu yake, ndilo linalowanywesha zaidi ya nusu ya wananchi wa Panama, walioko katika Jiji la Panama na Colón na miji ya karibu.

Basi Mamlaka imepanga kuuzuia mto mwingine, mto Indio, ulio magharibi ya mfereji, na kuyaleta maji yake Gatun kwa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita kama 9. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu ya nchi ile ilitengua sheria ya mwaka 2006 iliyokuwa imelibana bonde la mfereji katika mipaka yake ya zamani, na hivyo njia ikafunguliwa. Gharama iliyotajwa ni dola bilioni 1.6. Ziwa jipya litafunika zaidi ya hekta 4,000, na kwa hesabu ya Mamlaka yenyewe watu wapatao 2,000 au zaidi watahitaji kuhama. Ni wakulima: mihogo, kahawa, ndizi, ng'ombe wachache. Wengi wao wameandamana, kwa miguu na kwa mitumbwi, wakisema hawataki mto wao uzuiwe.

Tusijidanganye kwamba hapa yuko mwema na mwovu. Mama wa Colón anayefungua bomba asipate maji ana haki yake. Mamlaka nayo imesema italipa, itajenga nyumba, itafanya mazungumzo, na kwa hakika mambo haya hayakusemwa mwaka 1912. Ni maendeleo. Lakini wakulima wale wanajua habari za babu zao kuliko tuzijuavyo sisi, na wanauliza jambo ambalo fedha haijibu: je, tukisema hapana, hapana yetu itahesabiwa, au mazungumzo ni ya kutujulisha siku ya kuhama?

Katika fikira zetu hapo ndipo penye uzito wote. Mtu akitoa kilicho chake kwa ajili ya wengi, hiyo ni sadaka, nasi humheshimu. Mtu akitoa cha mwenzake kwa ajili ya wengi, hata wengi wakipona kwa ajili hiyo, hatuwezi kuita sadaka. Tendo ni moja, maji ni yale yale, ziwa litakuwa lile lile. Tofauti iko katika nani aliyefungua mkono. Na kama waliomo bondeni hawakufungua mkono, bado mna njia za kutazama kwanza: kurekebisha mabomba yanayovuja mijini, kupokea meli chache zaidi kwa mwaka mkavu, kulipisha maji bei yake halisi kwa wenye meli. Huenda zote hazitoshi. Lakini anayetaka nyumba ya mtu aonyeshe kwanza kwamba amezijaribu. Kuhusu viumbe wa bonde lile, vyura na kasa wa mtoni na ndege wa kivulini, wao hawana mkono wa kufungua wala wa kukunja. Tofauti ni kwamba mhandisi wa mwaka 1913 hakujua. Wa leo amesoma habari za Barro Colorado. Hawezi tena kusema hakujua. Hiyo ndiyo hasara ya elimu, tuliwaambia wanafunzi wetu zamani kwa mzaha: ukishaipata huna pa kujificha.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, bila shaka ana watoto wanaosoma. Hatujui yuko wapi. Tungekutana naye tungemwomba radhi, kisha tungemjibu hivi. Wa Gorgona walikwenda mbali, hata pwani ya Pasifiki, wakaanzisha mji unaoitwa Nueva Gorgona, na upo hadi leo. Wa mji wa Chagres, uliokuwa kwenye mlango wa mto, walihamia magharibi kando ya bahari, pakaitwa Nuevo Chagres. Wa Emperador walijenga Nuevo Emperador. Neno hilo nuevo, au nueva, maana yake ni mpya. Wengine wengi waliingia Jiji la Panama na Colón, wakapanga vyumba katika nyumba za mbao. Na katika Ziwa la Gatun, baada ya miaka zaidi ya mia, visiki vya msitu wa zamani bado vimesimama majini, na manahodha wa mashua ndogo huvikwepa.

Tungemwandikia yote hayo ubaoni, tusifute mpaka amalize kunakili.